Uniti 75 kwa mwezi: namna ya kubana umeme wa nyumbani Mtwara

Watu wawili wa mtaa mmoja, tuseme pale Chuno au Magomeni, wanaweza kununua umeme wa shilingi 5,000 siku moja, mmoja akapata uniti 41 na mwingine 14. Mita ni nzima na hakuna aliyeibiwa. Wako kwenye makundi mawili tofauti ya bei.

Kundi la matumizi madogo TANESCO wanaliita D1. Kwa bei za mwaka 2016 za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, ambazo zimedumu miaka mingi, uniti ya D1 ni shilingi 100, mradi usivuke uniti 75 kwa mwezi. Kundi la kawaida ni T1, na huko uniti ni shilingi 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Ukijumlisha, mtu wa D1 analipa 122 kwa uniti na wa T1 analipa 356 na senti kadhaa. Uniti 75 za D1 ni shilingi 9,150. Uniti 75 hizohizo kwa T1 zinakaribia 26,700.

Kwa hiyo mwongozo huu una shabaha moja: kuishusha nyumba yako chini ya uniti 75, kisha kwenda kudai bei inayolingana na matumizi hayo. Nyumba yenye AC, friza ya biashara au wapangaji watano haitafika huko, lakini hatua ni zilezile na kila uniti utakayookoa ni 356 mfukoni.

Hatua ya kwanza: jua ulipo

Fungua meseji ya manunuzi ya mwisho. Gawa fedha uliyolipia umeme pamoja na VAT, REA na EWURA, ukiacha makato mengine kama kodi ya jengo, kwa idadi ya uniti. Jibu likiwa karibu na 122 uko D1, likiwa karibu na 356 uko T1.

Halafu chukua daftari, na kwa wiki nzima soma uniti zilizobaki kwenye mita saa ileile kila siku. Baada ya magharibi panafaa, maana watu wengi wako nyumbani. Andika na kila tokeni uliyoingiza. Mwisho wa wiki utajua nyumba inakula uniti ngapi kwa siku. Namba ya kukumbuka ni mbili na nusu, kwa sababu 2.5 mara siku 30 ni 75. Ukiona unakula nne, una uniti moja na nusu za kutafuta. Ukiona tisa, kuna kitu kimoja kikubwa humo ndani, na hatua inayofuata itakionyesha.

Hatua ya pili: iulize mita yenyewe

Hii naipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji kifaa chochote. Kwenye uso wa mita kuna kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na karibu yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake kitaa kikipepesa mara 1,000 (au 1,600) umekula uniti moja.

Zima kila kitu na chomoa kila plagi. Washa kifaa kimoja tu, simama mbele ya mita na saa ya simu, uhesabu mipepeso ya dakika moja. Kwa mita ya 1000, zidisha mara 60, utapata wati. Kwa mita ya 1600, zidisha kwa 37.5. Feni ya kusimama ya wati 55 itapepesa karibu mara moja tu kwa dakika, hata utadhani mita imelala. Chomeka pasi ya wati 1,200 na kitaa kitapepesa kila baada ya sekunde tatu, mara 20 kwa dakika. Waite watoto waone. Mtoto aliyekiona kitaa kile kikikimbia hahitaji kukumbushwa tena kuchomoa pasi.

Kama mita yenu iko juu ya nguzo na ndani mna rimoti tu, andika uniti zilizobaki, acha kifaa kimoja kifanye kazi saa nzima, halafu soma tena.

Kipimo hicho kinafichua na umeme unaovuja. Vyote vikiwa vimechomolewa, kitaa kisipepese. Kikiendelea, zima swichi kuu. Kikikoma hapo, tatizo liko ndani ya nyumba: waya umechubuka, soketi imeingia unyevu, au kuna kifaa ulichosahau, mara nyingi pampu au taa ya nje. Kikiendelea hata baada ya swichi kuu kuzimwa, hilo peleka TANESCO. Nyumba zetu za karibu na bahari, Shangani na Mikindani hasa, chumvi ya hewani hula viungo vya waya taratibu, kwa hiyo usilidharau jambo hili. Muite fundi mwenye leseni. Umeme unaovuja, kabla hata ya kula fedha, unaweza kuua mtu.

Hatua ya tatu: anza na vinavyotoa moto

Chochote kinachopasha joto kwa umeme hula kuliko kingine chochote nyumbani. Jiko la koili, birika, pasi, hita ya kuogea. Mtu anaweza kugombana na watoto kuhusu taa ya sebuleni huku jikoni koili imewaka tangu asubuhi.

Chukua mbaazi, chakula chetu cha kila wiki. Mbaazi kavu kwenye koili ya wati 1,500 zikichemka saa mbili zinaweza kula uniti mbili au zaidi, yaani zaidi ya shilingi 700 kwa T1, kabla hujaweka nazi. Zilowekwe usiku kucha, na muda wa kuchemsha utapungua sana. Kama una sufuria ya presha ya umeme, mbaazi zilezile zitaiva kwa nusu uniti au pungufu, kwa kuwa mvuke haupotei na koili hujizima presha ikifika. Nyumba inayopika mbaazi na maharage mara kwa mara, kifaa hicho kitarudisha fedha yake. Kwa chapati, mandazi na samaki wa kukaanga hakisaidii kitu.

Gesi je? Mtungi wa kilo 6 hubeba nishati ya karibu uniti 80, lakini karibu nusu yake hupotea pembeni mwa sufuria. Koili ya umeme hupoteza kidogo zaidi ya robo. Kwa hesabu hiyo, mtungi mmoja unafanya kazi ya uniti 60 hivi za koili. Zidisha 60 kwa 356, unapata kama 21,400. Linganisha na bei ya mtungi dukani kwako leo. Utakuta kwa mtu wa T1 havipishani sana, na kwa mbaazi sufuria ya presha inaishinda gesi waziwazi. Kwa mtu wa D1 hali ni tofauti: akipikia koili atavuka 75 katikati ya mwezi, na kila uniti inayozidi atauziwa kwa 350 kabla ya kodi, karibu 427 baada yake, ghali kuliko hata ya T1. Huyo apikie gesi, umeme abakize kwa presha tu. Baadhi ya nyumba za Mtwara na Lindi zimeshaunganishwa gesi asilia ya bomba kutoka huku huku kwetu. Aliyefikiwa na bomba hilo aanze nalo. Kurudi kwenye mkaa ili kuokoa umeme siushauri, moshi wake unalipwa kifuani.

Birika lina sifa mbaya kuliko linavyostahili. Lita moja ya maji huchemka kwa sehemu ya kumi ya uniti, kama shilingi 36 kwa T1. Kosa ni kujaza lita mbili kwa kikombe kimoja, na kuchemsha upya kila mtu anapoamka. Chemsha mara moja, mimina kwenye chupa ya chai.

Pasi: piga nguo za wiki nzima kwa mkao mmoja. Kila unapowasha upya kwa shati moja, unalipia kupasha chuma kutoka baridi. Anza na nguo nyepesi, malizia na nzito, na nguo za mwisho piga ukiwa umeshachomoa.

Maji ya kuogea kwa hita, kwa mtu wa pwani, sioni sababu yake. Newala na vijiji vya juu ya uwanda wa Makonde ni habari nyingine mwezi wa sita na wa saba. Huko pia ndoo nyeusi iliyoanikwa juani tangu saa nne asubuhi itafanya kazi nzuri bila uniti hata moja.

Hatua ya nne: friji

Friji ndogo nzima ya lita 100 hivi hula kati ya nusu uniti na 0.8 kwa siku. Ikiugua inaweza kula mara mbili ya hapo bila wewe kujua, kwa sababu bado inagandisha. Tofauti ni kwamba mota haipumziki.

Sikiliza mota. Friji nzima huwaka, hunyamaza, huwaka tena. Yako ikinguruma muda wote hata usiku wa manane, chunguza mambo haya.

Mpira wa mlango kwanza. Bana noti ya elfu moja mlangoni, funga, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, baridi nayo inatoka hapohapo. Zungusha noti mlango mzima, maana mara nyingi ni kona ya chini tu iliyolegea. Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na kama umekakamaa fundi anaweza kukubadilishia.

Nyuma ya friji kunatakiwa kuwa na nafasi ya shibiri hivi hadi ukutani. Joto lililotolewa kwenye chakula linatokea huko. Ukiisukumiza mpaka ukutani, au ukaifunika na kitambaa kizito, unailazimisha kufanya kazi mara mbili. Iondoe pia kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni na karibu na jiko. Nyavu za nyuma zipigwe brashi kila baada ya miezi michache, friji ikiwa imechomolewa, maana vumbi na chumvi vikishikana huganda kama saruji.

Barafu ikizidi unene wa nusu sentimita, yeyusha. Chomoa, acha mlango wazi asubuhi, weka bakuli la maji ya moto ndani. Kisu usiguse: ukitoboa bomba, gesi inatoka na friji imekwisha.

Chakula cha moto kipoe nje kwanza. Samaki wa Msangamkuu wagawe kwenye mafungu ya mlo mmoja mmoja kabla ya kuwagandisha, ili usifungue furushi zima kila siku. Sehemu tupu jaza chupa za maji. Kitufe cha baridi namba tatu kwa kawaida kinatosha, namba saba ni ya mwenye duka.

Wapo wanaochomoa friji kila usiku. Kwa friza iliyojaa barafu tu na isiyofunguliwa, saa sita hazitaharibu kitu. Kwa friji yenye maziwa, mboga na samaki mbichi katika joto letu, acha. Asubuhi mota inafanya kazi kubwa kurudisha baridi iliyopotea, na faida inayobaki hailingani na hatari ya kuharisha.

Ukienda kununua friji, hasa ya mtumba, tafuta kibandiko chenye namba ya kWh, yaani uniti, kwa mwaka. Igawe kwa 12. Kama imeandikwa 180, hiyo ni uniti 15 kwa mwezi, na kwa joto la hapa ongeza kidogo. Imeandikwa 480? Hizo ni 40 kwa mwezi, zaidi ya nusu ya uniti zako 75. Friji kubwa ya bei poa inaweza kukugharimu zaidi ya ndogo mpya ndani ya miaka michache.

Hatua ya tano: joto la Novemba hadi Machi

Msimu wa kaskazi ndio unaotuvurugia hesabu. Juni hadi Agosti mtu analala bila feni, na nyumba iliyokuwa uniti mbili kwa siku inafika tatu na nusu joto likianza.

Joto kubwa linaingia kwa juu. Bati lisilo na dari hugeuka jiko ifikapo saa saba mchana, na hutoa joto hilo mpaka saa nne usiku. Kama una fedha ya kufanya jambo moja tu kwenye nyumba yako, weka dari kabla ya kufikiria AC. Rangi nyeupe juu ya bati nayo inasaidia sana kwa gharama ndogo. Na upande wa magharibi, ambao hupigwa na jua mpaka linazama, panda mwarobaini au mwembe. Kibaraza cha makuti upande huo pia ni dawa ya haraka.

Mchana wa jua kali funga mapazia ya upande unaopigwa na jua. Usiku, nje kukipoa kuliko ndani, fungua madirisha mawili yanayotazamana na weka feni karibu na dirisha moja ivute hewa ya nje. Watu wengi huweka feni katikati ya chumba kilichofungwa, nayo inazungusha joto lilelile. Namba moja hula pungufu ya namba tatu. Feni za kuchaji, zile tunazonunua kwa sababu ya katakata, nyingi hula wati 15 hadi 25 tu dhidi ya 55 za kawaida. Hata umeme ukiwepo ni vizuri kuzitumia kulalia.

AC ya BTU 12,000 hula kama uniti 5 hadi 6 kwa usiku mmoja wa saa nane. Kwa mwezi ni zaidi ya 150, yaani shilingi 53,000 na kuendelea. Kama ni lazima, kwa mgonjwa au mtoto mchanga, chagua ya inverta, iweke nyuzi 26, washa na feni pamoja, ipange ijizime saa nane usiku, na ziba mwanya wa chini ya mlango.

Taa na vitu vidogo

Hapa sina mengi. Kama bado una glopu za wati 60, badilisha leo. Sita zikiwaka saa tano kila usiku ni uniti 54 kwa mwezi, LED za wati 9 ni uniti 8. Taa za nje zinazolala zikiwaka weka moja tu, au ya sola. TV, king'amuzi na subufa zizimwe ukutani wakati wa kulala, rimoti haitoshi. Pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki ikiwashwa mara nyingi kuliko mnavyotumia maji, kuna bomba linavuja mahali.

Jinsi uniti mbili na nusu zinavyotosha

Nimeipanga hivi kwa nyumba ya vyumba vitatu katika msimu wa joto, kwa siku moja. Taa sita za LED, robo uniti. Feni mbili za wati 55 kwa saa tisa, uniti moja. TV ndogo na king'amuzi kwa saa nne au tano, robo. Friji ndogo nzima, 0.8. Simu, 0.05. Pasi ya saa moja kwa wiki ikigawanywa kwa siku, 0.15. Jumla 2.5. Ukitaka presha ya mbaazi mara tatu kwa wiki, badilisha feni moja kuwa ya kuchaji na nafasi inapatikana.

Nyumba ya wapangaji wanaotumia luku moja

Mita moja ikilisha vyumba vitano, mtakuwa T1, hilo halikwepeki. Linaloumiza zaidi ni kugawana sawa. Mwenye taa moja na simu anamlipia mwenye friza ya lambalamba, na ugomvi wa luku huvunja ujirani haraka kuliko ugomvi wa maji. Dawa ni mita ndogo ya kuhesabu kwa kila chumba, zinauzwa maduka ya vifaa vya umeme, na fundi anazifunga kwa siku moja. Mwisho wa mwezi kila mmoja anasoma yake na kuzidisha kwa 356. Kama hamna uwezo huo sasa, kaeni chini mwandike vifaa vya kila chumba, wati na saa zake, mkubaliane mafungu mbele ya mwenye nyumba. "Shangazi, friza yako peke yake ni uniti moja na nusu kwa siku" ni maneno mazito kusemwa kwa mdomo, lakini kipimo cha kitaa chekundu kikifanywa mbele ya wote hakuna anayebisha.

Mambo ya kukataa

Vidude vya kuchomeka kwenye soketi vinavyodaiwa kupunguza bili nusu nzima havifanyi hivyo. Mita ya nyumbani huhesabu umeme uliotumika kweli, na kidude hakiubadilishi. Kifaa cha kulinda friji umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu ni kingine, hicho nunua, lakini ujue hakipunguzi uniti. Na kishoka anayekuambia atairuka mita yako, mfukuze. Faini, kukatiwa na hatari ya moto vyote vitabaki kwako, yeye atakuwa ameshahama mtaa.

Kwenda kuomba D1

Ukishakaa chini ya uniti 75 kwa miezi kadhaa mfululizo, nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita na daftari lako. Omba waangalie historia ya manunuzi, kwa kuwa wao hutazama uniti ulizonunua, wala si zilizobaki kwenye mita. Kwa hiyo usinunue akiba kubwa mwisho wa mwezi, itakuhesabia kama matumizi. Ukishahamishwa, usinunue zaidi ya 75 kwa mwezi mmoja. Ukivuka mara kwa mara utarudishwa T1.

Kujua kama umehamishwa, nunua umeme wa elfu moja. Zikija uniti nane na kidogo, tayari. Zikija 2.8, rudi ofisini. Jaribio hilo lifanye baada ya manunuzi yako ya kwanza ya mwezi, kwa sababu tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia luku, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hivyo elfu moja ya tarehe mosi inaweza kumezwa yote. Kama wewe ni mpangaji, tunza meseji za makato hayo. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, na unaweza kumwomba aipunguze kwenye pango.